Namna ya Kupokea Machaguo Katika Skripti za Kompyuta: Mfano wa Saa ya Zawali Hapa Songea



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika ukurasa huu wa elimu ya kompyuta tunapenda kueleza jambo ambalo wengi wanaoanza kuandika skripti hulipita haraka. Jambo lenyewe ni namna skripti inavyopokea maelekezo ya mtu anayeitumia. Ili maelezo yetu yawe na kitu cha kushika, tutatengeneza skripti ndogo inayotafuta saa ya zawali, yaani wakati jua linapovuka katikati ya anga na Adhuhuri kuingia. Tumechagua mfano huu kwa sababu ukikosewa hauharibu faili tu, bali unaharibu swala na funga ya watu.

1. Kwa nini kila mji uwe na saa yake

Kwanza kabisa tufahamu hesabu yenyewe. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, sawa na digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa dakika 4. Saa za Tanzania zimewekwa mbele ya Greenwich kwa saa tatu, na saa tatu ni digrii 45. Kwa hiyo saa zetu ukutani zinafuata mstari wa longitudo 45 Mashariki, mstari ambao haupiti hata katika mji mmoja wa nchi yetu. Mji wowote wa Tanzania uko magharibi ya mstari huo, na jua linaufikia kwa kuchelewa.

Songea ipo kwenye longitudo ya digrii 35 na dakika 39 Mashariki. Tukigeuza dakika hizo kuwa desimali, tunagawa 39 kwa 60 na kupata 0.65, hivyo longitudo yetu ni 35.65. (Angalieni: si 35.39! Dakika za longitudo ni sehemu ya 60, si sehemu ya 100.) Tofauti kati ya 45 na 35.65 ni 9.35, na mara 4 ni dakika 37. Zawali ya Songea basi ni kama saa 6 na dakika 37 mchana. Dar es Salaam ipo karibu na longitudo 39.28, kwa hesabu hiyo hiyo zawali yao ni kama saa 6 na dakika 23. Wao wametutangulia kwa dakika 14 hivi.

Hata ndani ya mkoa wetu wa Ruvuma tofauti ipo. Tunduru, iliyo karibu na longitudo 37.35, inapata zawali kama saa 6 na dakika 31. Mbamba Bay, kule ziwani, iliyo karibu na longitudo 34.77, inapata kama saa 6 na dakika 41. Ni mkoa mmoja, lakini jua limechelewa dakika 10 kutoka upande huu hadi upande ule.

Kwa Magharibi tofauti ya Songea na Dar es Salaam inabadilika kwa sababu sisi tuko kusini zaidi. Mwezi wa sita jua la Songea huzama kama dakika 8 baada ya kuzama Dar es Salaam. Mwezi wa tatu na wa tisa kama dakika 14 au 15. Na mwezi wa kumi na mbili kama dakika 21. Wakati wowote wa mwaka, jua la Dar es Salaam huzama kwanza. Maana yake ni kwamba mtu wa Songea anayefuturu kwa ratiba iliyopigwa hesabu ya Dar es Salaam anaweka tende mdomoni wakati jua bado lipo juu ya upeo. Na anayeswali Alfajiri mara tu ratiba hiyo inapotaja, anaswali kabla ya wakati kuingia.

Ipo pia hesabu ya pili. Jua halivuki katikati ya anga saa ile ile kila siku. Mwanzoni mwa Novemba linatangulia kwa dakika kama 16, na katikati ya Februari linachelewa kwa dakika kama 14. Tofauti hii wanafalaki huiita mlingano wa wakati. Karibu na tarehe 15 Aprili na tarehe 1 Septemba mlingano huo ni sifuri. Ili kupata zawali ya siku fulani, tunachukua zawali ya mji kisha tunatoa mlingano wa siku hiyo.

Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Misikiti mikubwa ilikuwa na mtu maalumu wa kupima nyakati, akiitwa muwaqqit. Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya huko Damascus, na mwaka 1371 alitengeneza saa kubwa ya jua kwa ajili ya msikiti huo. Saa ya jua huchorwa kwa ajili ya mji wake. Ukiihamishia mji mwingine inadanganya. Tutaona kuwa skripti nayo ina tabia hiyo hiyo isipoandikwa kwa uangalifu.

2. Maana ya skripti, mstari wa amri na machaguo

Skripti ni faili la maandishi lenye amri zilizopangwa kwa mfuatano, ambazo kompyuta huzisoma na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Hapa tutatumia Bash, programu ya kupokea amri iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 na inayopatikana kwenye karibu kila kompyuta ya Linux. Wenye simu za Android wanaweza kuipata kwa kuweka programu ya Termux.

Mstari wa amri ni ule mstari tunaouandika kwa kibodi, kisha tukabonyeza kitufe cha kuingiza. Kwa mfano:

bash zawali.sh -g 35.65 -m 16 -k

Neno la kwanza, bash, ni programu. La pili, zawali.sh, ni jina la skripti. Yaliyobaki yote ni maelekezo ya mtumiaji. Maelekezo yanayoanza na kistari ndiyo tunayoyaita machaguo. Desturi ya kutumia kistari na herufi moja ilitokana na mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969, nayo imebaki hadi leo.

Machaguo ni ya aina mbili:

(a) Chaguo linalojitegemea. Hili ni kama swichi ya taa, ama limewashwa ama halikuwashwa. Katika mfano wetu, -k lina maana ya "nipe jibu kwa saa za Kiswahili".

(b) Chaguo lenye thamani. Hili haliishii kwenye herufi, bali linahitaji neno linalofuata. Herufi -g inahitaji longitudo, na -m inahitaji mlingano wa wakati.

Wengi wetu tumezoea kutuma pesa kwa simu. Ukibonyeza *150*00# ya M-Pesa, simu inakuuliza jambo moja moja: unataka nini, nambari gani, kiasi gani. Mstari wa amri ni tofauti. Hapa hauulizwi, unasema yote kwa mara moja, na ni juu ya skripti kuelewa kila neno limekusudiwa nini. Ndiyo maana upokeaji wa machaguo unahitaji utaratibu.

3. Kusoma machaguo kwa getopts

Bash inayo amri ya kazi hiyo, inaitwa getopts. Hii hapa ni sehemu ya kwanza ya skripti yetu:

#!/bin/bash
longitudo=""
mlingano=""
kiswahili=0

matumizi() {
  echo "Matumizi: zawali.sh -g longitudo -m mlingano [-k]"
}

while getopts ":g:m:kh" chaguo; do
  case "$chaguo" in
    g) longitudo="$OPTARG" ;;
    m) mlingano="$OPTARG" ;;
    k) kiswahili=1 ;;
    h) matumizi; exit 0 ;;
    :) echo "Chaguo -$OPTARG linahitaji thamani." >&2; exit 2 ;;
    \?) echo "Chaguo -$OPTARG halijulikani." >&2; exit 2 ;;
  esac
done
shift $((OPTIND - 1))

Tuieleze hatua kwa hatua.

(i) Mistari mitatu ya juu inaandaa visanduku vya kuwekea majibu. Visanduku vya longitudo na mlingano tumeviacha vitupu kwa makusudi. Sababu yake tutaieleza katika sehemu ya tano.

(ii) Maneno ":g:m:kh" ndiyo orodha ya machaguo tunayoyakubali. Herufi ikifuatwa na nukta mbili, ina maana inahitaji thamani; hivyo g: na m: zinahitaji, k na h hazihitaji. Nukta mbili za mwanzo kabisa zinaiambia getopts kwamba makosa tutayashughulikia wenyewe.

(iii) Kwa kila mzunguko, getopts inachukua chaguo moja na kuliweka katika kisanduku cha chaguo. Kama lina thamani, thamani inawekwa katika OPTARG.

(iv) Mstari unaoanza na nukta mbili unafanya kazi pale mtumiaji anapoandika -m mwishoni bila nambari yoyote. Mstari wa alama ya kuuliza unafanya kazi pale anapoandika chaguo lisilokuwepo, tuseme -z.

(v) Amri ya shift inaondoa machaguo yote yaliyokwisha kusomwa, ili tuone kama kuna maneno yaliyobaki.

Faida ya getopts ni kwamba mtumiaji hafungwi na mpangilio. Anaweza kutanguliza -m kisha -g, au kinyume chake, na jibu ni lile lile. Anaweza pia kuunganisha herufi: -kg 35.65 ni sawa na -k -g 35.65. Lakini ajihadhari, -gk 35.65 si sawa, kwa sababu g inahitaji thamani na itachukua k kuwa ndiyo longitudo!

Aidha, getopts hii inajua herufi moja moja tu. Ukiandika --longitudo itakataa. Pia inaacha kusoma mara inapokutana na neno la kwanza lisilo chaguo. Jambo hili la mwisho lizingatiwe, tutalirudia.

4. Hesabu yenyewe

Bash haijui hesabu za desimali, hivyo tunaikabidhi kazi hiyo amri ya awk:

awk -v g="$longitudo" -v m="$mlingano" -v k="$kiswahili" 'BEGIN {
  d = int(720 + (45 - g) * 4 - m + 0.5)
  s = int(d / 60); f = d % 60
  if (k) {
    s = (s + 6) % 12; if (s == 0) s = 12
    printf "saa %d dakika %d\n", s, f
  } else printf "%02d:%02d\n", s, f
}'

Nambari 720 ni dakika za tangu usiku wa manane hadi saa 6 mchana. Tunaongeza kuchelewa kwa mji, tunatoa mlingano, na ile 0.5 ni ya kukadiria kwenye dakika iliyo karibu. Mtumiaji akitaka saa za Kiswahili, tunasogeza kwa saa sita.

Tukijaribu kwa Songea, majibu ni haya:

bash zawali.sh -g 35.65 -m 0
12:37

bash zawali.sh -g 35.65 -m 0 -k
saa 6 dakika 37

bash zawali.sh -g 35.65 -m 16
12:21

bash zawali.sh -g 35.65 -m -14
12:51

Jibu la tatu ni la mwanzoni mwa Novemba, la nne ni la katikati ya Februari. Katika la nne tazameni -14. Inaanza na kistari kama chaguo, lakini getopts haikuchanganyikiwa, kwa kuwa m ilikuwa inasubiri thamani na ikachukua neno lililofuata bila kuuliza linafananaje. Hapo imetusaidia. Sasa tuone pale tabia hiyo hiyo inapotuumiza.

5. Kosa linaloonekana na kosa lisiloonekana

Tuseme mwanafunzi amesahau kuandika nambari ya longitudo, akaandika hivi:

bash zawali.sh -g -k

Skripti haitasema kuwa -g haina thamani. Itachukua -k kuwa ndiyo longitudo. Awk nayo ikipewa neno lisilo nambari mahali pa nambari, inalihesabu kuwa sifuri. Jibu litakuwa 15:00, yaani saa 9 alasiri. Mtu yeyote akiona zawali ya saa 9 atacheka na kurudi kusahihisha.

Mwanafunzi mwingine anatanguliza jina la mji:

bash zawali.sh Songea -g 35.65 -m 0

Tumesema kuwa getopts inaacha kusoma ikikutana na neno lisilo chaguo. Neno Songea ndilo la kwanza, basi -g na -m hazikusomwa kabisa. Jibu tena ni 15:00, na tena kosa linaonekana.

Hapa ndipo linakuja jambo kuu la makala hii. Waandishi wengi wa skripti hupenda kuweka thamani ya msingi, yaani thamani itakayotumika pale mtumiaji asipotaja kitu. Katika skripti kama yetu mtu angeweza kuandika juu kabisa:

longitudo=39.28

Anawaza hivi: wengi wako Dar es Salaam, kwa nini waandike -g kila siku? Nia yake ni njema, na kwa mtu wa Ilala au Temeke skripti itafanya kazi bila tatizo. Lakini sasa rudieni mfano wa pili. Mwanafunzi wa Songea ameandika longitudo yake sahihi kabisa, ila ametanguliza jina la mji. Skripti haikuisoma. Badala ya 15:00, sasa inajibu 12:23. Hiyo ni saa inayokubalika na akili, wala hakuna atakayecheka. Itaandikwa kwenye ratiba, itapigwa kopi, itabandikwa msikitini, na watu watasema imetoka kwenye kompyuta.

Zawali ya 15:00 ni kosa kubwa lisilo na madhara, kwa kuwa linajitangaza. Zawali ya 12:23 ni kosa dogo lenye madhara, kwa kuwa limenyamaza. Na kama ratiba nzima imekokotolewa kwa longitudo hiyo, Magharibi nayo imetangulia, na watu wanafuturu jua likiwepo.

Hivyo basi tunaweka kanuni hii: pale ambapo kukisia vibaya kunaweza kumdhuru mtu bila yeye kujua, skripti isikisie. Ikatae, iseme inachohitaji, isimame. Ndiyo maana visanduku vya longitudo na mlingano tumeviacha vitupu. Mlingano nao tusiuwekee sifuri, maana mwanzoni mwa Novemba sifuri hiyo ingekuwa kosa la dakika 16. Lakini -k tumeiwekea thamani ya msingi bila hofu, kwa sababu namna ya kuandika saa haibadilishi saa yenyewe, na mtumiaji anaona mara moja amepewa namna gani.

6. Kuhakiki kabla ya kuhesabu

Kati ya sehemu ya kusoma na sehemu ya hesabu tunaweka walinzi watatu:

if [ $# -gt 0 ]; then
  echo "Sikutarajia neno: $1" >&2
  matumizi >&2
  exit 2
fi

for thamani in "$longitudo" "$mlingano"; do
  case "$thamani" in
    ''|*[!0-9.-]*)
      echo "Machaguo -g na -m lazima yapewe nambari." >&2
      matumizi >&2
      exit 2 ;;
  esac
done

awk -v g="$longitudo" -v m="$mlingano" 'BEGIN {
  exit !(g+0 >= 29 && g+0 <= 41 && m+0 >= -17 && m+0 <= 17)
}' || { echo "Nambari imevuka mipaka." >&2; exit 2; }

Mlinzi wa kwanza anatazama kama kuna neno lililobaki baada ya machaguo kusomwa. Yule aliyetanguliza Songea sasa ataambiwa: "Sikutarajia neno: Songea".

Mlinzi wa pili anakataa kilicho kitupu na kisicho nambari. Yule aliyeandika -g -k anakwama hapa, kwa kuwa -k ina herufi ndani yake.

Mlinzi wa tatu anatazama mipaka. Tanzania ipo kati ya longitudo 29 na 41 Mashariki, na mlingano wa wakati haufiki dakika 17 upande wowote. Mtu akichanganya, akaandika latitudo ya Songea, 10.68, mahali pa longitudo, bila mlinzi huyu angejibiwa 14:17.

Walinzi hawa hawatoshelezi kila kitu. Mtu akikosea kidole akaandika 36.65, nambari hiyo imo ndani ya mipaka na itapita. Kwa hiyo ratiba yoyote iandikwe juu yake longitudo iliyotumika, ili msomaji mwenye ramani aweze kuhakiki. Hata wanapotuma pesa, watu hutazama jina la mpokeaji kabla ya kuweka nambari ya siri. Hapa pia mtumiaji aonyeshwe alichokubali.

7. Ujumbe wa kosa uende wapi

Katika mistari ya makosa mmeona alama >&2. Kazi yake ni kupeleka ujumbe wa kosa kwenye njia yake, mbali na njia ya majibu. Umuhimu wake unaonekana mtu anapokusanya majibu ya siku nyingi katika faili moja:

bash zawali.sh -g 35.65 -m 16 >> ratiba.txt

Alama >> inaingiza majibu katika faili. Kama ujumbe wa kosa ungefuata njia hiyo hiyo, ungeingia katikati ya ratiba bila kuonekana kwenye skrini. Kwa >&2 unabaki machoni mwa mtumiaji.

Ama exit 2, hiyo ni namna skripti inavyoiarifu kompyuta kwamba kazi haikufanyika. Sifuri ina maana ya salama. Nambari nyingine ina maana ya kushindwa. Skripti nyingine inayoiita hii yetu inaweza kusoma alama hiyo na kusimama, badala ya kuendelea kuchapa ratiba yenye pengo.

Jambo jingine ni lugha. Ujumbe wa skripti yetu tumeuandika kwa Kiswahili kwa sababu watakaoitumia ni watu wetu. Kiswahili kinaiweza kazi hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kiofisi ambazo menyu na ujumbe wake ni wa Kiswahili. Kama programu kubwa namna ile iliwezekana, mistari ya skripti yetu haiwezi kutushinda. Ujumbe mzuri unataja kilichokosekana na unaonyesha namna sahihi ya kuandika. Katika mstari wa matumizi, mabano ya mraba yana maana kuwa kilichomo si lazima, ndiyo maana [-k] iko ndani na -g iko nje.

8. Tukitaka kuipanua

Mwanafunzi atakayepanua skripti hii ifike kwenye swala zote tano atakutana na machaguo mengine, na baadhi yake si ya kompyuta bali ya wanazuoni. Kwa Alfajiri, Umm al-Qura ya Makka hutumia jua likiwa digrii 18.5 chini ya upeo. Muslim World League hutumia 18. Na mamlaka ya upimaji ya Misri hutumia 19.5. Kwa Alasiri, madhehebu ya Shafi, Maliki na Hanbali huhesabu kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukiacha kivuli cha zawali; kauli mashuhuri ya Hanafi ni mara mbili ya urefu.

Mwandishi wa skripti asifiche uamuzi huu ndani ya hesabu ambako hakuna atakayeuona. Aufanye kuwa chaguo lenye jina, aueleze katika matumizi, na auchape juu ya ratiba. Kisha imamu na wazee wa msikiti ndio waseme msikiti wao unafuata lipi. Kazi ya fundi ni kuhakikisha kile walichokisema ndicho kilichohesabiwa.

Maswali ya kujipima

1. Taja aina mbili za machaguo na utoe mfano wa kila moja kutoka skripti ya zawali.

2. Katika maneno ":g:m:kh", kwa nini kuna nukta mbili baada ya m na hakuna baada ya k?

3. Bila kutumia kompyuta, tafuta zawali ya Tunduru (37.35) mlingano ukiwa 16. Kisha endesha skripti ulinganishe.

4. Mtu ameandika: bash zawali.sh -g -m 0. Eleza getopts itachukua nini kuwa longitudo, na ni mlinzi yupi atakayemzuia.

5. Ongeza chaguo -j lenye thamani, litakalopokea jina la mji na kulichapa kabla ya saa. Je, chaguo hili linafaa kuwa na thamani ya msingi? Toa sababu.

6. Pamoja na mzazi wako, simika fimbo iliyonyooka wima uwanjani. Weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, kuanzia saa 6 na robo mchana hadi saa 7 na dakika 5. Siku ambayo jua linapita mbali kidogo na utosi, kama mwezi wa sita au wa saba, tafuta saa ambayo kivuli kilikuwa kifupi kuliko vyote na uilinganishe na jibu la skripti ukitumia mlingano wa siku hiyo. Zikipishana sana, tafuta kosa liko wapi kabla ya kuilaumu fimbo.